Kununua gari ukiwa mgeni katika nchi nyingine: mwongozo kamili, kuanzia leseni hadi siku ya kuondoka

Mgeni akinunua gari ugenini mara nyingi huanzia mwisho. Analipenda gari, anapatana bei, analipa, kisha ndipo anapoambiwa kwamba ofisi ya usajili haimwandikishi bila uthibitisho wa makazi, na kampuni ya bima haimkatii bima bila leseni inayotambulika. Gari linabaki limeegeshwa wiki kadhaa, muuzaji hapokei tena simu, na siku za kusajili zinazidi kuyoyoma. Gari lenyewe ndilo jambo rahisi kuliko yote hapa, maana injini na breki ni zilezile kila mahali. Kinachotofautiana ni makaratasi, na makaratasi yana foleni yake: makazi, leseni, bima, gari, usajili. Ukiruka hatua moja utarudishwa nyuma.

Kabla ya yote: unalihitaji?

Mkataba wako wa kazi ukiwa chini ya mwaka mmoja, piga kwanza hesabu ya kukodi kwa mwezi. Kuna fedha ambazo hazirudi hata ukija kuliuza gari vizuri: kodi ya ununuzi, ada ya usajili, ukaguzi, bima, na thamani inayoshuka kila mwezi. Ukizigawa kwa miezi minane zinatisha. Ukizigawa kwa miaka mitatu zinavumilika.

Angalia pia nchi yenyewe inalichukuliaje gari la mtu binafsi. Singapore, mnunuzi hushindania kwanza kibali cha kumiliki gari kwa zabuni, na kibali hicho hudumu miaka 10. Japani, katika maeneo mengi huwezi kusajili gari mpaka polisi wathibitishe kwamba una mahali pa kuegesha pasipozidi kilometa 2 kutoka nyumbani kwako. Kwenye nchi kama hizo swali la kwanza linakuwa mahali pa kuliweka na haki ya kulimiliki. Bei inafuata baadaye.

Usikimbilie kuleta gari lako la zamani kwa meli. Umoja wa Ulaya humsamehe ushuru anayehamia humo na gari lake, lakini kwa masharti: awe ameishi nje ya Umoja kwa miezi 12 au zaidi, gari awe amelimiliki na kulitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na asiliuze ndani ya miezi 12 baada ya kuliingiza. Marekani hairuhusu kwa kawaida gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake vya usalama, isipokuwa likiwa limetimiza miaka 25. Wengi wakishapiga hesabu ya usafirishaji na kulibadilisha gari lifikie viwango, huona afadhali kununua hukohuko.

Hatua ya 1: makazi, na majina yanayolingana

Kusanya hivi kwenye bahasha moja, pamoja na nakala za kidijitali: pasipoti, kibali cha ukaazi, mkataba wa nyumba, bili ya karibuni au barua ya benki yenye anwani yako, barua ya mwajiri, na namba ya mlipakodi au ya mgeni inayotolewa na nchi husika. Afrika Kusini, kwa mfano, mgeni asiye na kitambulisho cha uraia huomba kwanza namba maalumu ya usajili wa trafiki, na bila namba hiyo gari haliandikwi kwa jina lake. Falme za Kiarabu zinataka kitambulisho cha mkaazi. Ujerumani utaulizwa umejiandikisha katika ofisi ya makazi ya manispaa. Anwani ya hoteli au ya rafiki anayekuhifadhi kwa muda kwa kawaida haikubaliki.

Panapokwama zaidi ni bili. Nyumba ya kupanga, umeme unalipwa na mwenye nyumba, kwa hiyo bili ina jina lake. Njia ya mkato ni kufungua akaunti ya benki mapema na kuomba taarifa ya akaunti iletwe kwa posta kwenye anwani yako mpya. Ofisi nyingi huipokea mahali pa bili.

Jambo la pili linaonekana dogo ila limewarudisha watu wengi dirishani: majina. Pasipoti ina majina matatu, leseni ina mawili, benki imekata la katikati, na mwajiri ameanza na jina la ukoo. Kompyuta ya ofisi inaona watu wanne. Tangu siku ya kwanza jiandikishe kila mahali kama ulivyoandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Pale ambapo kosa limeshafanyika, lirekebishe kabla ya kusajili gari, kwa sababu kulibadilisha baada ya hapo ni kuomba hati upya na kuilipia.

Hatua ya 2: leseni, na saa inayohesabu kimyakimya

Kibali cha kimataifa cha udereva si leseni. Ni tafsiri ya leseni yako, na hakina nguvu bila leseni yenyewe mkononi. Hutolewa na nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kichukue kabla ya kusafiri. Kinachotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1. Cha Mkataba wa Vienna wa 1968 kinaweza kufika miaka 3. Nchi hazikusaini mikataba ileile, hivyo hakikisha unakwenda na kibali cha mkataba unaotambuliwa uendako. China bara haikitambui kabisa, na inamtaka mgeni apate leseni ya huko.

Hata panapotambuliwa, ruhusa hiyo ni ya mgeni, na ukishakuwa mkaazi muda unaanza kuhesabiwa. Ujerumani, mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya ana miezi 6 tangu awe mkaazi. Uingereza humpa mkaazi mpya miezi 12. Japani ni mwaka mmoja tangu aingie nchini. Muda huo haujali umenunua gari lini. Aliyenunua gari Ujerumani katika mwezi wake wa tano wa ukaazi akidhani ana muda wa kutosha, katika mwezi wa saba wa ukaazi anaendesha bila leseni halali, na bima yake inaweza kukataa kumlipa.

Kwa hiyo anza kubadilisha leseni wiki ya kwanza. Kuna nchi zenye makubaliano ya kubadilishana, na hapo unatoa leseni yako na kupewa ya kwao bila mtihani. Pasipo na makubaliano utafanya mtihani wa maandishi, wa barabarani, au yote miwili. Ukiufanya wa barabarani kwa gari la otomatiki, nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, hukupa leseni ya otomatiki pekee. Usije ukanunua gari la gia za mkono ukakuta huruhusiwi kuliendesha.

Kabla hujaondoka kwenu, omba barua ya uthibitisho kutoka mamlaka iliyokupa leseni, yenye tarehe ya kwanza kabisa kuipata, madaraja unayoruhusiwa, na kwamba hujafungiwa. Kadi nyingi za leseni huonyesha tarehe ya kuhuishwa tu. Mwenye uzoefu wa miaka 15 anaonekana dereva wa mwaka jana, na bima inamtoza kama kijana aliyetoka shule ya udereva. Japani huenda mbali zaidi: ili kubadilisha leseni, lazima uthibitishe kwamba uliishi nchi iliyokupa leseni angalau miezi 3 baada ya kuipata.

Hatua ya 3: ulizia bima kabla ya kuchagua gari

Magari mawili ya bei moja yanaweza kutofautiana mara mbili kwenye bima, kutegemea nguvu ya injini, wizi wa aina hiyo, bei ya vipuri na mtaa gari linakolala. Chagua aina tatu au nne unazozifikiria, chukua bei ya bima kwa kila moja, kisha uendelee na zile zinazobebeka. Bima ndogo hulipa madhara unayowafanyia wengine na ndiyo ya lazima karibu kila nchi. Bima kubwa huongeza gari lako mwenyewe. Gari la zamani la bei ya chini mara nyingi halistahili bima kubwa, maana malipo ya miaka michache yanakaribia thamani yake.

Leta barua ya kampuni yako ya zamani inayoonyesha miaka uliyokaa bila kudai. Si kampuni zote zinaikubali kutoka nje, lakini iliyo na tarehe, namba ya bima na muhuri, ikatafsiriwa na mtafsiri anayetambulika, inaweza kukupunguzia pakubwa.

Maswali ya kumuuliza wakala, na majibu uyapate kwa maandishi: leseni yangu ya kigeni inakubalika hadi tarehe gani? Nani mwingine anaruhusiwa kuendesha? Nikivuka mpaka bima inaendelea? Katika kila dai, kiasi gani cha kwanza nitakitoa mfukoni mwangu? Swali la kwanza ndilo zito zaidi. Kuna kampuni itapokea malipo yako ya mwaka mzima bila neno, halafu siku ya ajali ikakagua leseni na kukuta muda wake uliisha miezi miwili nyuma.

Ujerumani bima hutangulia hata usajili: kampuni hukupa namba ya uthibitisho wa kielektroniki, na bila namba hiyo ofisi ya magari haikugusi. Kwingine unaweza kusajili kwanza, ila huwezi kuliondoa gari kwa muuzaji bila bima. Hata kulipeleka nyumbani tu ni kuendesha.

Hatua ya 4: fedha

Mgeni hana historia ya mikopo. Angeweza kuwa mlipaji mzuri kwao kwa miaka 20, benki ya Marekani haioni lolote kwenye kumbukumbu zake. Matokeo ni kunyimwa mkopo, riba kubwa, au malipo ya awali makubwa. Wakopeshaji wengi pia huwianisha muda wa mkopo na muda uliobaki kwenye kibali chako cha ukaazi. Ukiwa na kibali cha miezi 18, usitegemee mkopo wa miaka 5. Anza na benki inayopokea mshahara wako, ukiwa na barua ya mwajiri na hati za mishahara ya miezi 3, maana benki hiyo inakiona kipato chako. Wakala wa magari anayetangaza kwamba kila mtu anakubaliwa ana riba ya kumwezesha kusema hivyo.

Kwa gari lililotumika, tenga kando asilimia 10 hadi 15 ya bei kwa ajili ya mwaka wa kwanza: matairi, betri, pedi za breki, oili zote. Ukimaliza akiba yote kwenye bei, kitu cha kwanza kitakachoharibika kitakukuta mikono mitupu.

Hatua ya 5: gari gani

Nunua lililojaa barabarani kwao. Gari ulilolipenda kwenu linaweza kuwa adimu ugenini, vipuri vikaagizwa kwa wiki tatu, na siku ya kuliuza wanunuzi wakawa wawili. Simama dakika kumi kwenye maegesho makubwa uhesabu: aina tano zinazojirudia zaidi ndizo mafundi wanazijua na vipuri vyake vipo.

Usukani uwe upande unaofaa nchi hiyo. Gari la usukani wa upande usiofaa huwa la bei rahisi, na kuna sababu: kupita gari jingine ni hatari, taa za mbele humulika upande wa wanaokuja, na baadhi ya nchi hazilisajili. Angalia pia masharti ya moshi. London hutoza ada ya kila siku gari la petroli lisilofikia kiwango cha Euro 4 na la dizeli lisilofikia Euro 6. Dizeli ya bei nzuri inayouzwa mji wa jirani huenda ni nzuri kwa sababu hiyo hasa.

Kwa gari la umeme lililotumika, jambo ni betri. Taka ripoti ya afya yake kwa asilimia, iliyopimwa kwa kifaa, kwa kuwa kilometa ambazo dashibodi inasema chaji iliyobaki itafika hubadilika na namna mtu anavyoendesha. Waranti ya betri kutoka viwandani mara nyingi ni miaka 8 au kilometa 160,000. Uliza kama inamfuata mmiliki mpya na kama inafanya kazi nchini humo, hasa gari likiwa limeingizwa kutoka nje. Hakikisha pia plagi yake ni ya aina inayotumika kwenye vituo vya huko.

Hatua ya 6: unanunua kwa nani

Kwa mfanyabiashara unalipa zaidi na mara nyingi unapata ulinzi wa sheria. Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 humpa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro. Katika Umoja wa Ulaya mfanyabiashara huwajibika kwa kasoro, kwa kawaida miaka 2, muda ambao nchi inaweza kuruhusu upunguzwe hadi mwaka 1 kwa vitu vilivyotumika. Marekani, yadi lazima ibandike dirishani karatasi inayosema kama gari linauzwa na waranti au "kama lilivyo". Ukisaini la pili, matengenezo yote yatakayofuata ni yako. Mtu binafsi huuza bei nafuu, na karibu kila nchi wajibu wake unaishia kwenye kutosema uongo.

Wauzaji wanaovutia wageni wengine ni wageni wanaoondoka. Wana haraka, wana tarehe ya ndege, na mara nyingi gari limetunzwa. Lakini hapo angalia mambo mawili. Kwanza, gari la mwanadiplomasia au mfanyakazi wa shirika la kimataifa linaweza kuwa liliingia bila ushuru, na ushuru huo hudaiwa linapouzwa kwa asiye na msamaha. Makubaliano yaseme nani analipa, na risiti ya forodha ionekane kabla hujatoa fedha. Pili, anayeondoka kesho hapatikani keshokutwa. Fika naye ofisi ya usajili kabla hajasafiri, au uwe na idhini yake iliyothibitishwa na mwanasheria.

Mnada waachie wenyeji mpaka upate uzoefu. Hulijaribu gari, na huna wa kumrudia.

Hatua ya 7: makaratasi ya gari

Anza na namba ya chesisi. Ya kisasa ina herufi na tarakimu 17, na haina kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0; ukiiona mojawapo, imechezewa au imenakiliwa vibaya. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, hivyo tovuti inayodai herufi 17 haitalipata. Linganisha namba ya chini ya kioo cha mbele, ya kwenye nguzo ya mlango, iliyochongwa kwenye bodi, na ya kwenye hati. Angalia kingo za kibati: ribiti mpya kwenye gari la miaka kumi inataka maelezo.

Kisha chunguza historia kwenye chanzo rasmi. Uingereza, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka wa MOT yanaonekana bure mtandaoni kwa namba ya gari, pamoja na kilometa au maili za kila mwaka; zikishuka, umemkamata. Ufaransa muuzaji hutoa cheti kinachoonyesha kama gari lina zuio, na gari la zaidi ya miaka 4 liwe na ukaguzi wa kiufundi usiozidi miezi 6. Marekani hati ya umiliki huandikwa alama ya gari lililoharibika vibaya na bima ikalilipa lote. Kwa kuwa kila jimbo lina utaratibu wake, wajanja hulihamisha jimbo hadi jimbo mpaka alama ipotee, kwa hiyo agiza ripoti ya nchi nzima.

Deni ndilo linaloumiza zaidi. Katika nchi nyingi mkopo unalifuata gari bila kujali nani analimiliki, na benki inaweza kulichukua mlangoni kwako. Uliza kwenye daftari rasmi la dhamana. Likiwa na deni, malipo yafanyike benki inayodai, ikabidhi barua ya kuliachia gari papo hapo. Ahadi ya "nitalipa ukinipa hela" usiipokee.

Usidhani pia kwamba kila karatasi yenye jina la muuzaji ni hati ya umiliki. V5C, cheti cha usajili cha Uingereza, humtaja anayelitunza gari na kuwajibika nalo barabarani. Yenyewe inasema si uthibitisho wa umiliki. Dai pia risiti ya ununuzi.

Hatua ya 8: ukaguzi wa macho na mikono

Nenda mchana, pakavu, peke yako au na mtu asiyeongea sana. Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti: ikiwa ya moto, ameamua usilisikie likiwaka la baridi.

Zunguka gari. Nafasi kati ya mlango na mlango, boneti na taa, ziwe sawa pande zote. Kifaa cha kupima unene wa rangi ni cha bei ndogo na humpa mgeni sauti. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma maikroni 80 hadi 180. Kipande kikisoma zaidi ya 300, pamepigwa puti au rangi ya pili. Bampa za plastiki hakizisomi. Mlango mmoja uliopigwa rangi si kesi. Nguzo au paa likiwa limepigwa puti, ondoka.

Matairi yana tarakimu nne kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyozidi miaka 6 yahesabu kama ya kubadilisha hata yakionekana mapya. Kina cha mifereji kisheria ni milimita 1.6 au zaidi Ulaya na nchi nyingine nyingi. Tairi lililoisha upande wa ndani tu linazungumzia mpangilio wa magurudumu (alaimenti), bushi, au ajali iliyopindisha mguu.

Gari la mafuriko huoshwa likang'aa, lakini maji huacha alama mahali pasipooshwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una mstari wa tope. Chungulia chini ya viti: reli na skrubu zenye kutu kwenye gari lenye zulia jipya ni jibu tosha. Inua zulia la buti, shika povu la chini, nusa. Taa za mbele zenye ukungu kwa ndani, zote mbili, ni dalili nyingine.

Kilometa zilizorudishwa nyuma huonekana kwenye vitu vinavyoguswa kila siku: pedali, usukani, kitovu cha gia, ubavu wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haiendani na kilometa 60,000. Wala pedali mpya kabisa.

Fungua boneti. Kifuniko cha oili kwa ndani kikiwa na utando kama malai, na maji ya rejeta yana rangi ya kahawia au mafuta juu, gasketi ya silinda hedi iko mashakani. Utando mwembamba pekee wakati wa baridi unaweza kuwa unyevu wa safari fupi. Rejeta usiifungue ikiwa ya moto. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na uone risiti, kwa sababu ukikatika kwenye injini nyingi huua valvu na pistoni kwa pamoja.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime baada ya sekunde chache au injini ikishawaka. Ikiwa hata moja haiwaki kabisa, huenda imeng'olewa balbu au imefichwa. Washa injini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta kupita kiasi. Mweupe mzito usiokwisha na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.

Chomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kwenye tundu lake, lililopo kwenye magari ya Marekani tangu 1996 na ya petroli Ulaya tangu 2001. Wengi husoma kama kuna makosa, wakikuta hakuna wanaridhika. Angalia zaidi ya hapo: kompyuta huweka orodha ya vipimo vyake vya ndani, na kila kimoja huonyesha kama kimekamilika. Vikiwa vingi havijakamilika, makosa yamefutwa karibuni au betri imetolewa. Omba urudi baada ya siku chache za kuendeshwa, au umwambie bei ishuke. Anayekataa yote mawili anajua kilichofutwa.

Hatua ya 9: barabarani, kisha kwa fundi

Endesha nusu saa, si kuzunguka mtaa: foleni, mlima, barabara kuu. Kwanza hakikisha bima inakufunika. Redio zima. Ukikata kona kali taratibu na kusikia mlio wa taka-taka-taka mbele, ni joint ya ekseli. Usukani ukitetema unapofunga breki kwa kasi, diski zimepinda. Gari la otomatiki likikawia kuingia gia au likashtuka linapobadilisha, acha. Giaboksi inaweza kugharimu nusu ya gari lenyewe. Achia usukani sekunde mbili kwenye barabara tambarare na tupu uone kama linavuta upande.

Halafu lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe, anayelijua gari la aina hiyo, lipandishwe juu. Fundi aliyependekezwa na muuzaji si fundi wako. Muuzaji asiyekubali ukaguzi wa kulipiwa na wewe anataka ununue mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 10: bei, mkataba, malipo

Tumia orodha ya fundi kupatana: kila kasoro na gharama yake, ukitoa kwenye bei ya wastani ya matangazo kumi ya gari hilo, mwaka huo. Kishika uchumba kiwe kidogo, chenye risiti inayosema kinarudishwa ukaguzi ukifeli.

Mkataba ukiwa katika lugha usiyoisoma, usisaini siku hiyo. Uwe na majina na namba za vitambulisho vya pande mbili, namba ya chesisi, kilometa, bei, kasoro zinazojulikana, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu: faini ya kamera ya asubuhi ni yake, ya jioni ni yako.

Lipa kwa benki, kwa jina lililo kwenye hati, siku na mahali hati inapokabidhiwa. Utapeli unaowalenga wageni una sura moja: gari zuri, bei ya chini, muuzaji yuko nje ya nchi, gari liko kwa "kampuni ya usafirishaji" itakayoshika fedha zako mpaka uridhike. Kampuni hiyo ni yeye mwenyewe.

Hatua ya 11: usajili

Nenda siku zilezile za kwanza. Ufaransa una mwezi mmoja, Afrika Kusini siku 21, na kuchelewa kuna adhabu. Beba hati halisi, nakala mbili za kila kitu, na njia mbili za kulipa, maana kuna dirisha lisilopokea kadi za nje. Uingereza kodi ya barabara ya muuzaji haihamii kwako. Lazima uilipe upya kabla ya kuliendesha. Ukitoka dirishani, soma hati palepale: jina, namba ya chesisi, rangi, aina ya mafuta. Kosa linalorekebishwa kwa dakika mbili siku hiyo huchukua miezi baadaye.

Hatua ya 12: kuuza na kuondoka

Anza kutangaza wiki 8 kabla ya safari. Weka risiti za matengenezo tangu siku ya kwanza. Mnunuzi hulipia karatasi. Lipa faini zote kwanza, kwa kuwa Dubai na kwingineko uhamisho haufanyiki zikiwa zinadaiwa, na deni linaweza kukufuata hadi uwanja wa ndege. Uliza pia namba za gari ni za nani: katika baadhi ya majimbo ya Marekani hubaki kwa muuzaji, mengine huenda na gari.

Kabidhi, kisha itaarifu mamlaka wewe mwenyewe kwamba umeuza. Usimwachie mnunuzi kazi hiyo. Bima ifute baada ya kupata uthibitisho wa uhamisho, si kabla, na uombe barua ya miaka uliyokaa bila kudai kabla akaunti yako haijafungwa. Nakala ya mkataba wa mauzo na uthibitisho huo zihifadhi miaka mitatu au zaidi, mahali unapoweza kuzifikia ukiwa nje ya nchi.